Vitabu Nilivyoviweka Moshini

Shuleni, Sumbawanga
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla kaka Deo hajaendelea kukusomea barua hii, hesabu kwamba mwanao amekwisha kupiga magoti mlangoni pako. Mguu umepona? Baba bado anakohoa asubuhi? Mwili wangu ni mzima, ila baridi ya huku juu haijanizoea, na wenzangu bado wananicheka: "Mtu wa bondeni, leo umejifunika mablanketi mangapi?" Moyo ndio mgonjwa. Kaka Deo, tafadhali usiruke mstari hata ukiona aibu. Mama, nimemponza mtu mwema, na nataka ulisikie jambo hili kutoka kwangu.

Niliwahi kukuandikia habari za Mzee Kasiani, mtunza maktaba yetu. Maktaba ni chumba kimoja kando ya stoo, rafu tatu tu, lakini alikitunza kama watu wanavyotunza kanisa. Kabla hujagusa kitabu unanawa, kisha unamwonyesha viganja. Jioni nilikaa naye tukivifunika vitabu kwa karatasi ya kaki, huku akiniuliza nilichosoma. Nikijibu kwa kukariri, husema, "Hayo ni ya kitabu. Ya kwako yako wapi?" Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Wasichana waliniita karani wa panya. Sikujali.

Mwezi uliopita alifiwa na kaka yake, akaenda kwao Mwazye kwenye matanga. Aliniachia ufunguo. Mvua haikukatika, na siku ya pili nikakuta vijidudu vimeanza kutoboa vitabu vya rafu ya chini. Nikakumbuka jinsi unavyotundika mbegu za mahindi juu ya moto, moshi ukazikinga na wadudu mpaka msimu wa kupanda. Basi nikamsihi mpishi wetu, nikavipanga vitabu kumi na vinne kwenye uchaga ulio juu ya moto jikoni, nikajiona nina akili kweli.

Wadudu walikufa. Lakini gundi iliyeyuka, kurasa zikachomoka moja moja, na nyingi zikawa nyeusi kwa masizi.

Mzee aliporudi alikigeuza kimoja mikononi, akakinusa. "Binti, umenikaushia vitabu kama samaki wa Ziwa Rukwa," akasema, akacheka kidogo. Mimi nilikuwa nalia. Mara akaingia Sista Mkuu na wasichana wa darasa letu nyuma yake, akauliza ni nani aliyefanya vile. Nikafungua kinywa, lakini Mzee akanitangulia.

"Ni mimi, Sista. Nilimwagiza binti huyu kabla sijaondoka."

Nikatazama sakafu, mama. Sikusema neno. Sista akamkemea mbele yetu sote, akamwambia asiyejua thamani ya vitabu hafai kuvitunza, na kazi yake imekwisha.

Nilimfuata uani. "Kwa nini, Mzee?"

"Wewe wangekurudisha kwenu," akasema. "Mimi nimekwisha kusoma. Wewe bado."

Kesho yake aliondoka kwa miguu, blanketi lake begani.

Siku nne nilikula bila kuonja. Siku ya tano nikabisha hodi kwa Sista, nikamwambia si Mzee, ni mimi, wala hakuniagiza kitu. Akaniuliza:

"Mbona hukusema siku ile?"

"Niliogopa kufukuzwa, Sista."

"Na sasa huogopi?"

"Naogopa."

Hakunifukuza. Alinipa sindano na uzi nishone kurasa zinazosomeka, na zilizofifia nizinakili kwa mkono. Kisha akamwandikia Mzee kumwomba msamaha na kumwita arudi. Barua ilikwenda na lori la mwenye duka mmoja wa mjini apelekaye bidhaa Mwazye. Jibu lilikuja juzi, Sista akanisomea: "Nimesamehe. Lakini nilikemewa mbele ya watoto, na siwezi kusimama tena mbele ya watoto haohao nikawaambia wanawe mikono. Chumba mpeni binti."

Basi chumba ni changu. Nafanya kazi kama alivyonifundisha, na watoto wadogo wananisikiliza. Natumaini siku moja nitaifanya vizuri. Lakini wakiniita mwalimu naona haya.

Sasa ombi langu. Likizo ni fupi, na Mwazye iko upande mwingine kabisa. Nikienda huko, sitafika nyumbani Milepa. Mpishi wetu ana ndugu zake Mwazye, naye amekubali tufuatane. Nataka nimpigie Mzee magoti na makofi kama tuwasalimuvyo wakubwa, nimwambie kwa kinywa changu nilichoshindwa kusema siku ile. Najua unahesabu majuma, na najua kuna maharage umeniwekea. Ukisema nije nyumbani, nitakuja wala sitanung'unika. Ila nadhani ungekuwa wewe, ungekwenda.

Nisalimie baba, umwombe radhi kwa niaba yangu. Bibi mwambie shuka lake ndilo ninalolalia. Shangazi muuza samaki nampa pole kwa kazi, na mdogo wangu Veneranda mwambie nimemnakilia herufi zote, aanze kuzifuata kwa kidole.

Kaka Deo, ukimaliza kusoma mtazame mama usoni, kisha uniandikie ulichokiona.

Mimi mwanao akupendaye,
Skolastika