Kichwa ya Mukeke ni ya Nani?

Mudogo wangu Riziki,

Jambo sana, we na Mama na batoto bote. Muliamukaje? Masasi ya vita imetulia huko Baraka, ao mungali munalala chini ya kitanda? Mi niko muzima. Baridi ya huku Norvege inanitesa, lakini leo hata siisikii, ju ya furaha!

Reseau ya simu imekatika huko kwenu, njo maana nampa barua muchungaji anayerudi Fizi.

Unakumbuka ile roboti ya huku kwa bazee ninaotunza? Fupi kama mutoto wa shule, kazi yake kucheza na bazee ili akili zisilale. Siku ya kwanza niliipa mukono, nikaiuliza habari za kwao. Bibi Solveig, mumoja wa bale bazee, alicheka mpaka akakohoa.

Huyu bibi aliuzaga samaki, na sasa akili imepotea, hata binti yake mwenyewe yeye anamuita "madame", kama mugeni. Roboti inamuonyesha picha ya samaki, inauliza jina, inangoja. Akikosea, haigune, haiseme "si nimekuambia?" Inamuonyesha tena, inangoja. Siku moja akataja samaki, kisha akataja jina ya binti yake, aliyemubebeaga kitunga ya samaki. Weee! Nikasema: na Mama yetu je?

Mama anayekimbilia ziwa kila bunduki ikilia, akitafuta mutoto aliyemupotea ku vita ya kwanza, na jina ya mutoto hajue. Mutoto mwenyewe njo mi, alishanipata zamani, lakini amesahau! Niliogopa siku moja utanipigia simu kwamba risasi imemupata.

Njo nikakuambia: ujaribu na samaki wa kweli, mukononi mwake. Ile sauti uliyonitumia ku simu mbele reseau ikatike nimeisikiliza mpaka jirani akagonga ukuta.

"Hii nini, Mama?"

"Mukeke, we mujinga!"

"Na kichwa yake ya nani?"

Ukangoja. Hukumusaidia, aksanti sana mudogo wangu. Halafu Mama: "Ya Asukulu. Muwekee, yuko njiani."

Riziki, jina yangu, na ile kichwa aliyoniwekeaga tangu utoto! Nililia, nikacheza pale koridori, na Bibi Solveig akacheza nami bila kujua sababu!

Sasa bunduki ikilia, usimuvute, usimugombeze. Umupe mukeke, umuulize kichwa ya nani. Atabaki nyumbani ju ya kuniwekea.

Salimia mujomba anayeshona nyavu, na mama mukubwa wa Fizi, umuambie mihogo yake naiota.

Na ile kichwa, mutu asiiguse.

Mi kaka yako, ninayewekewa,
Asukulu