Sumu Iliyotoka Kwenye Mtama

Nyakato, Musoma

Baba, shikamoo.

Naomba barua hii ikukute kifua kimeacha kubana, na ng'ombe waliobaki bado wamesimama. Mimi ni mzima. Anayeileta ni mwalimu wetu wa biolojia, anapita Bunda kesho. Simu haturuhusiwi, na kwa mdomo ningeshindwa.

Tangu nirudi shuleni, kila nikifumba macho namwona jirani yetu, Mzee Wambura, amelala kwenye vumbi, mkono umevunjika, mdomo umejaa damu, nyumba yake inawaka. Asubuhi ile ng'ombe wetu walianguka wakitetemeka na kutoa povu. Bwana mifugo alisema, "Hii ni sumu," akawasha pikipiki kwenda Butiama. Hakusema imetoka wapi. Watu waliposikia sumu, wakauliza nani. Baba mdogo akajibu, "Huyu mzee alikuwaga anawaangalia sana ng'ombe wetu." Ushahidi ulikuwa huo tu. Fimbo ya kwanza ilikuwa yako, Baba.

Ng'ombe wa mwisho kuanguka mlimchinja kabla hajakata roho. Damu iliruka hadi kwenye kanga ya Mama, nyekundu mno, na Mama akashangaa.

Mwalimu ametuonyesha kanzidata, yaani ghala la taarifa, ya mtandaoni yenye ramani za mishale: kemikali hii inageukaje kuwa ile ndani ya kiumbe. Nyuma yake kuna kanzidata nyingine, za jeni, za kemikali na za makala za watafiti, na ramani huchota humo. Lazima uchague kiumbe. Usipochagua, inakuletea binadamu. Niliandika "mtama", haikuleta kitu. Nikaandika jina la Kiingereza, ukaja. Baba, mtama huuhuu wa ugali hutengeneza kemikali ambayo jani likitafunwa hutoa sumu ya sayanidi. Mwalimu anasema inazidi kwenye machipukizi, hasa baada ya jua kali. Mwili unashindwa kutumia hewa, na damu inabaki nyekundu vile.

Nilichagua na ng'ombe pia. Pameandikwa kwamba mishale yake mingi haikupimwa kwa ng'ombe, imekadiriwa kutoka kwa binadamu kwa kulinganisha jeni. Nakuambia na hilo usije ukaona natia chumvi. Lakini mtama una ramani yake wenyewe, na siku ile Baba mdogo alifungulia ng'ombe kwenye shamba lililovunwa, machipukizi yakiwa yanafika magotini.

Nilipokuwa naondoka aliniambia sungusungu wanakutana Jumamosi, na safari hii Mzee Wambura hataachwa anapumua. Nikamuuliza, je, kama hana kosa? Akacheka. "Msomi, vitabu vyako vinafufuaga ng'ombe?"

Havifufui. Ila Mzee Wambura bado yu hai. Mwenye ng'ombe ni wewe; ukikataa wewe, hakuna wa kuinua fimbo. Mwite bwana mifugo amalizie maneno yake mbele ya wote. Na ng'ombe wasiguse tena shamba lile.

Nisalimie Mama, na bibi akija kutoka Butiama. Baba mdogo pia, sina kinyongo naye. Salamu za Mzee Wambura sina wa kumtuma. Zipeleke wewe, Baba, kabla ya Jumamosi, mchana, watu wakuone ukimwendea.

Mwanao anayekuheshimu,
Masatu