Ripoti ya Breki Haifutiki

Jumatatu, 9 Machi 1998
Nimetoka hospitali kumwona Tsofa. Mguu wameukata. Dereva wetu kwa miaka kumi na mitano — na leo ofisi inasema alikuwa amelewa! Tsofa, asiyeonja hata mnazi!
Ripoti ya fundi Kitsao niliipiga chapa mimi, wiki moja kabla ya ajali. Breki zimekwisha, lori lisitoke yadini Shimanzi. Bwana Fuad, mwenye kampuni, aliisoma. Lori likatoka.

Jumanne, 10 Machi
Bwana Fuad kaniita. Ati niifute ripoti kwenye kompyuta, ya karatasi keshaichana. Alhamisi yuaja mtu wa bima. Nikaitika. Nikarudi mezani, nikaifungua — nikaiacha wazi. Kuichapisha siwezi, printa iko chumbani mwake. Disketi kazipiga marufuku.
Alasiri akajaribu kuifuta mwenyewe. Ikamkatalia: faili linatumika. Akajaribu tena. Matusi nikiyasikia ng'ambo ya ukuta!

Jumatano, 11 Machi
Kaletwa Ogutu, fundi wa kompyuta. Akaeleza: haifutiki maadamu kuna programu imeishika. Itafutwe, ifungwe kwanza. Akafunga ya barua. Akafunga ya ratiba za malori. Bado! Akaenda kwenye ile kompyuta kubwa inayoziunganisha zote, akatoa orodha ya nani kashika nini. Akaisoma. Akanitazama.
Bwana Fuad akauliza, imepatikana?
Bado, akasema Ogutu. Labda kesho.
Wallahi sikumtuma!

Alhamisi, 12 Machi
Saa tatu asubuhi. Naandika hapa hapa mezani.
Ogutu kaninong'oneza: akilazimishwa ataikata kutoka kule kwenye kompyuta kubwa, ana watoto watatu. Nikamwambia kata, dakika hiyo hiyo naifungua tena. Simlaumu. Akatoka nje, ati kuvuta sigara. Yeye havuti.
Orodha aliiacha. Bwana Fuad kaiona. Sasa amesimama mbele yangu.
"Bi Raihana, ifunge."
"Siifungi."
"Basi kazi huna."
"Sawa. Lakini siifungi."
Na aone naandika! Miaka sita naitika ndiyo bwana, ndiyo bwana — imetosha.
Hodi mlangoni. Mtu wa bima! Nimemkaribisha mimi, kwa sauti, aje moja kwa moja kwangu.
Bwana Fuad ameinama chini ya meza. Anautafuta waya wa umeme wa kompyuta yangu.
Nimeukanyaga.