Jiko nililomwekea mama mkwe

Shoga, nusura nimuue mama mkwe. Mimi, mwalimu wa bayolojia!

Alilalamika baridi, nikamwekea jiko la mkaa chumbani. Eti mkaa umekolea, hauna moshi. Nikafunga na dirisha. Nililifunga mwenyewe, kwa mkono huu!

Narudi, namkuta amelegea, hasemi. Nikamburuta hadi uani.

Na juzi tu nimewafundisha watoto: mapafu yanaipa damu oksijeni, lakini ukivuta ile hewa ya mkaa isiyoonekana, damu inaikumbatia hiyo na oksijeni inakosa nafasi. Nikawapa na mtihani!

Daktari anasema atapona.

Sasa hivi kazinduka, kanishika mkono: "Asante mwanangu. Hata binti zangu hawajawahi kunifungia dirisha."