Magoti ya Nakijwa

Jumatano.

Eti "asante, fundi"! Nakijwa, mchumba wangu, kanishukuru mbele ya kikundi chetu chote cha mbio. Programu ile ya bure ya kurekodi mazoezi nimeiweka mwenyewe kwenye kompyuta yangu chakavu hapa Same, nikawaapia kwamba data zao hazitoki nje, hakuna mgeni atakayejua wanakopita.

Mgeni, sawa. Lakini msimamizi ni mimi, na leo nimefungua ramani ya mbio za Nakijwa.

Mimi ananiambia mlima unamuumiza magoti. Kumbe kila jioni anaupanda na Elieza, yule mwenzetu wa kikundini. Mistari yao imelaliana mpaka juu migombani. Magoti yamepona lini?

Ningempigia sasa hivi nimuulize. Ila ataniuliza nimejuaje.