Kome wa Bonde la Mabata

Mama mkwe wangu,

Sikuulizi hali kwanza, maana najua utajibu sijambo hata kama unaumwa. Ni mwaka mzima sasa tangu uondoke kwetu Giheke. Bukavu si mbali, nikipanda juu ya shamba letu ninaona mabati yake yakiwaka jua. Hata hivyo hujarudi, nami sijakuita. Nina jambo la kukuambia kuhusu wale kuku.

Unajua mimi ni mtu wa kushuku. Labda nilizaliwa hivyo, vita ikanipa sababu tu. Miaka ile watu walivuka Rusizi, mto wa mpakani, huku na huku, kila mmoja na habari zake, na karibu kila habari ilikuwa na sumu ndani yake. Fulani alikunywa bia kwa jirani akakonda mpaka akafa. Fulani alipeana mkono na mgeni, hakuamka tena. Karuho, ndivyo walivyoiita hiyo sumu. Basi ulipokuja kwetu ukikimbia risasi za Bukavu, na kikapu kimoja na kuku wawili waliofungwa miguu, nilikupokea kwa mikono miwili, lakini macho yalibaki kwenye kikapu. Ulipokwenda kuoga nilikipekua. Nilikuta kitenge, rozari na mswaki.

Kuku wawili wakawa kumi na wanne, na siri yao ilikuwa kome. Unakumbuka tulivyokuwa tukishuka bondeni asubuhi, sketi tumezifunga magotini, tukipapasa matope, huku mabata mwitu wakiruka kutoka kwenye matete na kutupigia kelele? Watu wa huku hawali kome, walitucheka sana. Wewe hukujali. “Siyo ya sisi kukula, ni ya bakuku,” ulisema. “Ile ganda njo inafanya yayi ikuwe nguvu.”

Uliwachemsha kome kwenye ile sufuria iliyovunjika mkono mpaka wafunguke. Asiyefunguka ulimtupa. Nyama uliikatakata, maganda uliyaanika, kisha tukatwanga pamoja, mchi wako na wangu kwa zamu, nawe ukiimba nyimbo za kanisa kwa Kimashi, lugha ya kwenu, hadi nikafuata mpigo hata nikiwa nimenuna. Saa zile nilikupenda. Nataka ulijue hilo kabla sijafika mbali.

Tatizo lilikuwa majani. Kila ulipochemsha ulitia konzi ya majani ndani, na nilipouliza ni majani gani ulicheka tu. “Ni ya kwetu, Maman Neema.” Jibu hilo halikunitosha. Mjukuu wako Neema alipohara, niliyakumbuka majani. Ng'ombe wa jirani alipotupa mimba nikayakumbuka tena, ingawa hukuwahi hata kumkaribia ng'ombe yule.

Halafu ukalala na malaria. Uliniita kitandani ukanishika mkono. “Bakuku batakosa chakula. Shuka utafute kome, lakini upikishe muzuri, muzuri kabisa. Ile maji ni ya mabata.”

Niliitika. Nikashuka, nikarudi na kikapu kimejaa, nikaiangalia sufuria yako. Chini yake palikuwa pameganda kitu cha kijani. Nikajisemea, leo kuku hawa watakula kitu ambacho mkono wa Maman haujakigusa. Nikawaponda kome wabichi kwa jiwe, nyama na maji yao, nikawamwagia kuku. Walivyogombania! Nilijiona mjanja kweli.

Siku ya nne kuku wa kwanza aliinamisha shingo, kilemba chake kimekuwa cha zambarau. Kufika Jumapili walikuwa wamekwisha wote. Majirani walijaa uani. Mbele yao na mbele ya mwanao nikasema, “Muulize Maman, ni majani gani anawekaka mu chakula ya kuku.” Sikuongeza neno, wala halikuhitajika. Watu wote walikugeukia. Wewe ulikuwa umesimama na blanketi mabegani, ukaniangalia mimi peke yangu.

“Ulipikisha?” uliniuliza.

“Ndiyo, Maman.”

Kesho yake ulivuka mpaka pale Rusizi ya kwanza ukiwa bado na homa. Mwanao alikusindikiza mpaka Kamembe tu, hakutaka kufika mpakani. Tangu siku hiyo hajakutaja jina.

Mwezi uliopita, redio ikiwa inapiga kelele kila siku kuhusu homa ya ndege, veterineri, yule daktari wa mifugo, alikuja kwenye mkutano wa sekta yetu. Alisema mabata wanaotoka mbali wanaweza kuwa na ugonjwa huo bila kuonyesha, na kinyesi chao kinaingia majini. Akasema kome anashinda akinywa maji na kuyachuja, kinachobaki ndani yake ni uchafu wa maji hayo, hata virusi vya ndege vinaweza kukaa humo. Moto ndio unaoviua.

Nilimfuata nje nikamuuliza, kuku wakila kome wabichi je? “Inawezekana, Maman,” alisema. “Siwezi kusema hakika. Ulibakisha hata mumoja tumupime?” Tuliwachoma wote. Nikaanza kumshuku hata yeye, kijana mwenye buti safi namna ile anajua nini kuhusu matope yetu? Njia nzima nilijitetea. Hakuna aliyepima. Labda ulikuwa mdondo, unaofagia kuku kila mara. Nilikaribia kufika nyumbani ndipo nikajishtukia: kwako sikuhitaji kipimo chochote, ila kwangu nataka maabara.

Basi nakuambia bila maabara. Nilikudanganya, Mama. Sikuwachemsha. Ulinionya kwa mdomo wako mwenyewe ukiwa unatetemeka kwa homa, nami nikakuacha ubebe vifo vya kuku wako mbele ya watu, ukavuka mpaka kama mchawi. Naona aibu. Jumapili hii nitayasema haya kwa majirani, uani palepale.

Njoo, nakuomba. Kama huwezi kunitazama, njoo kwa ajili ya mwanao. Na hayo majani, kusema kweli, bado ningependa kujua ni ya nini.

Juzi nilimweleza mwanao yote. Hakupiga kelele. Tangu hapo, kila nikipika anakuja kukaa jikoni, anasema anaota moto. Jana niliponyoosha mkono juu ya sufuria aliniuliza, kwa upole kabisa, kama hiyo ni chumvi.

Ilikuwa chumvi, Mama.

Ninakuaga nikiwa nimepiga magoti,

Mkamwana wako,
Maman Neema