Siku Walipomtoa Baba Kanisani

Nyumba ya nyuma ya kiwanda cha mikate,
Jumatano, 9 Agosti.

Mpendwa kaka yangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu tuliobaki huku. Hujambo wewe? Wifi hajambo? Yule mdogo wenu ameshaacha kukohoa? Na mgongo wako uliosema unakusumbua, umepata nafuu? Usibebe mizigo mizito kaka, huna tena umri wa kushindana na vijana.

Mimi bado niko kiwandani, zamu ya alfajiri, unga mpaka kwenye kope. Afya ninayo, namshukuru Mungu. Lakini siwezi kukuandikia kwamba sisi sote hatujambo, nitakuwa nakudanganya.

Najua mwenyekiti wa wazee wa kanisa amekupigia simu. Ameniambia mwenyewe, bila hata haya, kwamba amekuomba uje umchukue Baba kwa ajili ya amani ya kanisa. Uliponipigia baada ya hapo nilishindwa kusema, nikawa nalia tu, ukafikiri mtandao umekatika. Ndiyo maana nakuandikia. Kwenye karatasi naweza kusimama, nikafuta kamasi, nikaendelea.

Ulipokuja mara ya mwisho Baba alikuwa anasahau funguo na majina. Sasa daktari ametuambia wazi kwamba ubongo wake unanyauka na dawa ya kuurudisha haipo. Viatu vyake naviokota kwenye pipa la maji. Kila asubuhi anavaa kola yake ya uchungaji, hata kama hajavua nguo za kulalia. Mengine yanachekesha, nisiseme uongo. Kuna siku aliwasimamisha jirani zetu, mume na mke, pale getini, akawafungisha ndoa upya kuanzia mwanzo mpaka amina. Mke akaitikia kwa sauti kubwa, akasema afadhali, maana mara ya kwanza bwana harusi alikuwa ananuka pombe. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Kicheko hicho hakikudumu.

Unaikumbuka ofisi yake, kile chumba kidogo pembeni mwa kanisa chenye viti viwili na zulia lililochakaa. Miaka yote ile watu waliingia mle na mambo yao, wakatoka wamefuta nyuso. Hata Mama, Mungu amrehemu, hakuwahi kuambiwa neno moja la yaliyosemwa mle. Baba alikuwa kaburi. Sasa ugonjwa umelifukua kaburi lenyewe.

Ilikuwa Jumapili, ibada imekwisha, watu wanapeana mikono mlangoni. Baba akamshika mkono yule fundi cherehani aliyekushonea suti ya harusi, mama mpole yule, akamuuliza kwa upole wake uleule, ila kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Yule mtoto uliyemzaa kabla ya ndoa, anayelelewa na dada yako, umeshamwambia mumeo?"

Mumewe alikuwa amesimama nyuma yake, ameshika Biblia zao wote wawili.

Fundi hakukana. Nadhani hata kukana hakukumjia, maana aliulizwa na mtu ambaye hakuwahi kumdanganya. Mume akaiweka Biblia ya mkewe kwenye ngazi, taratibu, akaondoka na yake. Wiki hiyohiyo akabadilisha kitasa cha nyumba. Mpaka leo fundi analala kwenye kibanda chake cha kushonea, katikati ya magauni ya watu.

Nilikwenda kumwomba radhi. Hakunifungulia, na sikumlaumu.

Baada ya hapo kanisa zima likaanza kumwogopa Baba. Watu waliokuwa wanagombania kumbebea mkoba walivuka barabara wakimwona. Ukitaka kujua nani aliwahi kukaa kwenye kile kiti cha ofisini, ungeangalia tu nani anakimbia.

Nikaitwa kwenye kikao cha wazee. Mchungaji kijana alikuwepo, yule yule ambaye Baba alimlea, akamsomesha na kumwekea mikono mwenyewe. Alikaa pembeni anakunja na kukunjua leso. Mwenyekiti ndiye aliyesema.

"Baba yako ana pepo la uchongezi."

"Ni mgonjwa," nikamwambia. "Daktari ameeleza."

"Pepo au ugonjwa, mdomo ni uleule. Asikanyage tena hapa. Na Meza ya Bwana hatutampelekea nyumbani. Nani ataipeleka aongeleshwe mambo yake?"

Sisemi kwamba hawakuwa na sababu, kaka. Nyumba ya mtu imevunjika, na mimi ndiye ninayepita mbele ya kile kibanda kila siku. Nikawaomba basi niwe nakaa naye benchi la mwisho, nimtoe kabla watu hawajaanza kusalimiana. Nikawaomba hata aje siku ya kawaida, kanisa likiwa tupu, akae tu dakika chache. Yote wakakataa.

"Mwenyekiti, mnaogopa nini hasa?"

Akainuka nusu kwenye kiti. "Chunga ulimi wako, binti. Sisi tunalinda kundi."

"Na yeye si wa kundi?"

Nikamgeukia mchungaji. "Dada, tuombe," akasema, akainamisha kichwa. Kikao kikafungwa kwa sala. Kwa sala, kaka!

Nikaanza kumfungia Baba ndani. Hilo nalo lilinitafuna. Kengele ya Jumapili ikilia alikuwa anagonga mlango kwa viganja, analia, "Nifungulie mama, watu wananisubiri." Ananiita mama. Nikiwa kazini, yule jirani bibi harusi ndiye aliyekuwa ananikalia naye.

Jumapili moja jirani akatoka kuanua nguo, mvua ilikuwa inaanza. Aliporudi, mlango wazi, Baba hayupo. Akanikimbilia kiwandani. Nilitoka na aproni yangu, sikuaga mtu.

Nilifika wimbo unaimbwa. Baba alikuwa ameshafika mbele, kola shingoni, kandambili miguuni, anapanda ngazi za madhabahu kama alivyozipanda maisha yake yote. Hakuwa amesema neno lolote baya. Aliwageukia watu akainua mikono awabariki, basi.

Mwenyekiti akatoa ishara. Wahudumu wawili wa mlangoni wakamkamata, mmoja kwa mkono, mmoja kwa kola. Akang'ang'ania reli ya madhabahu, wakambandua vidole. Mpiga kinanda akaongeza sauti ili asisikike. Alisikika: "Ndugu zangu, nimewakosea nini?" Aliuliza hivyo njia nzima, katikati ya mabenchi, na watu aliowabatiza kwa mikono yake wakawa wanaangalia vitabu vya nyimbo. Mchungaji alikuwa mimbarini. Nilimwona kwa macho yangu. Alifunua ukurasa.

Baba akajikojolea, kaka. Baba yetu, ambaye hatukuwahi kumwona hata bila shati. Suruali yake ya kijivu ikalowa mbele ya kanisa zima, na kuna mtu alicheka. Karibu na mlango miguu ikamwishia, akaanguka, wale wawili juu yake, nikasikia mfupa ukivunjika. Nilikuwa napita katikati ya watu nasukuma mabega, nao hawanipishi.

Aliyemfikia kabla yangu ni yule fundi. Sikujua kama alikuwa bado anakuja kusali. Alitoka benchi la mwisho, akavua shali yake mabegani, akapiga magoti akamfunga Baba kiunoni, akakaza fundo vizuri. Kisha akawaambia wale wanaume, wala hakupaza sauti, "Mwachieni. Kutembea anajua."

Wakamwachia. Tukatoka naye kwenye mvua, mimi upande huu, yeye upande ule.

Kwenye kibaraza cha nje nilifungua mdomo kumshukuru, akanikata kauli.

"Usinishukuru. Bado nina hasira naye, na kwangu bado kumefungwa." Akajipangusa mvua usoni. "Lakini siku niliyokwenda kumweleza habari ya yule mtoto, nililia mpaka nikatapika kwenye zulia lake. Alichukua kitambaa akapiga magoti akapangusa mwenyewe, hakumwita mtu. Sasa leo ningekaaje pale naangalia?"

Hospitali wakamfunga plasta kuanzia kiganja mpaka kwenye kiwiko. Hakuna mzee wa kanisa aliyekuja kumjulia hali, hata mmoja. Siku hizohizo ndipo mwenyekiti alipokupigia wewe.

Sasa nikueleze lililonifanya nishike kalamu.

Alasiri moja mchungaji kijana alikuja kwa mlango wa nyuma, bila kola, kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Moyoni nilitaka kumfungia mlango usoni. Sijui kwa nini nilimpisha. Baba alikuwa amekaa kitandani na mkono wake wa plasta mapajani. Hakumtambua. Lakini alipouona ule uso, kitu cha zamani kikaamka ndani yake. Akajiweka sawa, akatengeneza kola, akamwonyesha kiti.

"Karibu mwanangu. Kaa. Hatuna haraka."

Nilikuwa mlangoni na chai. Nikaganda palepale.

Mchungaji akakaa. Mwishowe akasema, "Mzee, kuna mtu alidhalilishwa mbele ya macho yangu. Mtu mzima, mgonjwa, aliyenilea. Neno langu moja lingetosha wamwachie. Sikulisema. Niliogopa wazee, na niliogopa yangu aliyokuwa anayajua."

Baba akanyamaza, ule unyamavu wake unaoujua, ambao hauhukumu. Kisha akauliza, "Na huyo mzee, umeshakwenda kumwona?"

Mchungaji akafunika uso kwa mikono.

"Nenda," Baba akamwambia. "Usimpelekee maneno mengi. Kaa naye tu. Atakuwa anaona aibu."

Chai ilipoa mikononi mwangu, kaka. Mchungaji alikaa mpaka jioni. Alimlisha uji kijiko kwa kijiko, na Baba kila mara akawa anamuuliza yeye ni mtoto wa nani.

Jumapili iliyofuata alisimama mimbarini akamwomba radhi Baba, na fundi naye, mbele ya watu, hakuzungukazunguka. Akasema kanisa lilimtendea mgonjwa kama mwizi na yeye ndiye kiongozi aliyeruhusu. Wazee wengi walitoka nje kabla hajamaliza. Mwenyekiti akamshtaki ofisi ya juu kwamba anagawa washirika, na sasa amesimamishwa. Jana nilimwona anafunga vitabu vyake kwenye maboksi. Ibada anaongoza mwenyekiti, na nasikia mahubiri yake ni marefu.

Mume wa fundi hajarudi wala hajatuma neno. Fundi amemshonea Baba suruali za kiuno cha mpira, rahisi kuvua na kuvaa. Anazileta, anasimama mlangoni, ananipa mimi. Kumtazama Baba usoni bado hawezi.

Kwa hiyo kaka, usije kumchukua kwa sababu mwenyekiti amekuomba. Hawezi safari, na akiwa mahali asipopajua atakufa kwa woga kabla ya ugonjwa. Daktari hakunificha, siku si nyingi. Anakula vijiko viwili vitatu anageuza uso ukutani. Njoo umwone. Kumgeuza kitandani peke yangu nimeshindwa, na kiwandani wameanza kuninunia. Akikuuliza wewe ni nani, usivunjike moyo. Mwambie tu unatoka wapi na umsogezee kiti, atakusikiliza.

Nisalimie wifi sana, mwambie hata mimi sasa nimejua kumwogesha mtu mzima bila kumwaga maji, kama alivyonifundisha wakati wa Mama. Watoto wabusu kwa niaba ya shangazi yao. Mjomba naye mfikishie salamu ukimwona, ila haya ya kanisani usimweleze, moyo wake hautayaweza.

Mungu akulinde barabarani na kazini, na siku utakayozeeka akupe watu wa kukushika mkono badala ya kukushika kola.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja, anayekupenda na kukungoja.